Kutoa kutu ndani ya mtutu wa gobori la kale

Mtutu wa kwanza niliowahi kusafisha niliuharibu kwa mikono yangu mwenyewe. Nilifunga karatasi ya msasa kwenye ufito, nikasugua tangu asubuhi hadi saa sita mchana, na kweli ndani kukang'aa. Lakini chuma kisicho na kutu nacho kilikuwa kimeondoka pamoja na kutu, mdomo wa mtutu ulilika upande mmoja, na vishimo vilibaki palepale. Yaya, jirani yangu wa Katuba hapa Lubumbashi, aliponiita nimtazamie gobori alilorithi, bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kwa mdomoni, nilikuwa nimeshajifunza kwenda polepole. Ninayoandika hapa ni kazi tuliyoufanyia mtutu huo kwa siku 6 za mwezi wa Julai, wakati hewa ya Lubumbashi ni kavu na chuma kilichooshwa hakiwahi kupata kutu mpya kabla hakijapakwa mafuta.

Yaya hana nia ya kulipiga. Anataka watoto wake walishike na kujua lilipotoka. "Mdogo, njo hii tu baba alituachiaka," aliniambia. Kwa hiyo kila tulipofika njia panda tulijiuliza swali moja: hapa tunatoa kutu, au tumeanza kutoa chuma?

Jua kwanza unachokishika

Magobori yana historia ndefu Katanga, eneo letu hili la Kongo. Msiri, mfanyabiashara aliyetoka Unyamwezi akajenga utawala wake Bunkeya, alitoa shaba, pembe za ndovu na hata watu ili apate bunduki na baruti kutoka pwani zote mbili, ya mashariki na ya Angola, mpaka alipouawa tarehe 20 Desemba 1891. Mwaka mmoja kabla, Mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umezuia bunduki za kisasa kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, ukaacha mlango wazi kwa gumegume, bunduki zinazowashwa kwa jiwe, zisizo na mifereji ya kuzungusha risasi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Ndiyo maana bunduki za mtindo wa zamani ziliendelea kuja huku wakati majeshi ya Ulaya yalikuwa yameshaziacha. Nyingi zilitengenezwa Liège, Ubelgiji.

Gobori la Yaya ni la fataki: nyundo hugonga kikofia kidogo cha shaba kilichokaa juu ya chuchu, kijipande cha chuma chenye tundu, na cheche hupita kwenye tundu hadi kwenye baruti. Tulipofuta masizi chini ya mtutu kwa kitambaa chenye mafuta, zilitokea herufi ELG ndani ya duara lenye umbo la yai, na nyota chini yake. Huo ni muhuri wa nyumba ya Liège inayojaribu mitutu kabla haijauzwa. Kuanzia 1893 muhuri huo uliwekewa taji juu. Wa Yaya hauna taji, basi mtutu umejaribiwa kabla ya mwaka huo. Nilimwona akipitisha kidole juu ya herufi zile mara mbili, mara tatu, bila kusema neno. Alama kama hizi usiziguse kwa brashi ya chuma wala msasa. Ndizo cheti cha kuzaliwa cha bunduki yako.

Ikiwa ulichonacho ni pupu, yaani bunduki iliyoundwa kijijini kwa bomba la maji, mwongozo huu si wake. Bomba halikutengenezwa kubeba nguvu ya baruti, na kulisafisha hakulifanyi liwe salama.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Silaha nchini Kongo zinaongozwa na Sheria-amri namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, na gobori la babu nalo ni silaha. Familia ya Yaya ina kibali. Usipokuwa nacho, shughulikia hilo kabla hujanunua hata brashi.

Hakikisha halina kitu ndani

Hatua hii usiiruke hata kama mwenye bunduki anakuapia kwamba haijawahi kushindiliwa tangu alipozaliwa. Baruti nyeusi iliyobaki ndani ya mtutu mkavu inaweza kulala miaka mingi na bado ikawaka.

Hakikisha hakuna fataki juu ya chuchu. Elekeza mdomo wa mtutu pasipo na mtu, wala usiuinamie. Chukua ufito mwembamba wa mbao ulionyooka, uteremshe taratibu mpaka ugote, na uweke alama ya kalamu pale unapokutana na mdomo. Utoe, uulaze juu ya mtutu kwa nje, alama ikae sawa na mdomo. Ncha ya pili inapaswa kufika kwenye chuchu au karibu sana nayo. Ikibaki nyuma kwa sentimita kadhaa, kuna kitu ndani, na kitu hicho kihesabu kuwa ni baruti na risasi mpaka ithibitike vinginevyo.

Ufito wetu ulibaki nyuma sentimita 7. Yaya alicheka akasema ni vumbi tu. Tukaacha kazi hapohapo. Hatukupasha moto, hatukutoboa, hatukugonga. Tulimpelekea fundi wa silaha mwenye kibali cha kazi hiyo, akaujaza mtutu maji, akauacha siku 2 ukiwa umeelekea lundo la udongo, kisha akavuta kilichomo kwa skrubu maalumu inayofungwa kwenye ncha ya mdeki, ule ufito wa kushindilia. Kikatoka kidongo cha tope gumu chenye vyumba vidogo ndani: nyigu walikuwa wamejenga humo. Chini ya tope palikuwa na kitambaa kilichooza, na chini yake unga mweusi uliolowa. Tangu siku ile Yaya hakucheka tena nilipomwambia tupime.

Kuvua mtutu

Mtutu husafishwa nje ya mbao zake. Vuta nyundo nusu, fungua skrubu za mtambo unaobeba nyundo kwa bisibisi inayokaa barabara kwenye mfereji wa skrubu, utoe mtambo, halafu usukume vipini au kabari zinazoshika mtutu. Piga picha kwa simu kila unapotoa kitu, na skrubu zichome kwenye kipande cha katoni kwa mpangilio ule ule wa bunduki. Skrubu iliyogoma itie mafuta ya kupenya, uilaze usiku mzima.

Chuchu nayo itoke ikikubali kwa nguvu ya kawaida. Ikikataa hata baada ya mafuta ya siku kadhaa, iache. Chuchu iliyovunjikia ndani ni taabu kubwa kuliko chuchu chafu. Kizibo cha chuma kilicho nyuma ya mtutu usikifungue kabisa. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vyombo vyake.

Maji kabla ya mafuta

Hapa watu wengi huanza vibaya. Wanaona kutu, wanamimina mafuta. Lakini baruti nyeusi ikiungua, zaidi ya nusu ya uzito wake hugeuka kuwa vitu vigumu, vingine vikatoka na ule moshi mweupe na vingine vikaganda ndani ya mtutu. Humo mna chumvi za potasiamu zinazovuta unyevu wa hewa mchana na usiku. Mafuta hayaziyeyushi. Yanazifunika tu, na kutu inaendelea kula chini yake. Kinachoyeyusha chumvi ni maji.

Simamisha mtutu ndani ya ndoo, upande wa baruti ukiwa chini, tundu la chuchu likiwa ndani ya maji ya moto yenye sabuni kidogo. Funga kitambaa cha pamba kwenye ncha ya ufito kiasi cha kubana, kisha upandishe na kushusha kama bomba la kupulizia tairi la baiskeli. Ukivuta juu, maji yanaingia kupitia tundu. Ukisukuma chini, yanatoka na uchafu. Shika mtutu kwa kitambaa kinene kwa sababu chuma kitapata moto upesi.

Maji yetu ya kwanza yalitoka meusi kama wino. Ya pili yalikuwa ya rangi ya chai ya rangi, yenye magamba yanayozama haraka. Tulibadilisha ndoo mara 5 mpaka yakabaki ya manjano hafifu. Maliza kwa maji yaliyochemka bila sabuni, kwa maana chuma kikishika joto la kutosha hujikausha chenyewe. Pitisha vitambaa vikavu mpaka kimoja kitoke kikavu kweli, na hapohapo paka mafuta. Usiende kula kwanza.

Mafuta na subira

Sasa ndiyo zamu ya mafuta ya kupenya. Yale ya kopo yanafaa. Ukikosa, mazutu (dizeli) iliyochanganywa na mafuta mapya ya injini, nusu kwa nusu, hufanya kazi nzuri. Ziba tundu la chuchu kwa kijiti, mimina, zungusha mtutu yapake pande zote, uuache umelala kwa saa 24 na kuugeuza kila unapopita. Mafuta ya injini yaliyokwisha kutumika usiyatie. Yana asidi na uchafu wa moto wa injini.

Kusugua

Brashi iwe ya shaba, kwa sababu shaba ni laini kuliko chuma, hukwangua kutu bila kuchora mtutu. Sisi wa Lubumbashi, mji wa shaba, hatuna udhuru hapa. Tulipokosa brashi ya kipimo cha mtutu, tulichukua nyuzi nyembamba za waya wa umeme, tukazivuruga kama nywele, tukazizungushia ncha ya ufito mpaka ikawa donge linaloingia kwa kubana. Liliondoa kutu nyekundu ya juu kama kucha inavyobambua rangi ya zamani ukutani.

Ufito uwe wa mbao au wa shaba ya njano, na mdomoni uweke kola: kipande cha plastiki au cha mbao kilichotobolewa katikati, kinachozuia ufito usisugue ukingo. Ni ukingo ule nilioula kwenye mtutu wangu wa kwanza. Kwenye bunduki yenye mifereji ndani, mdomo uliolika hupotosha risasi kuliko vishimo vilivyo katikati ya mtutu.

Sukuma brashi mpaka mwisho, irudishe mpaka itoke, uipanguse. Usiigeuze njiani, nyuzi zinainamia upande mmoja na inaweza kukwama. Ikikwama, zungusha ufito kwa mwelekeo wa kukaza huku ukivuta. Kila baada ya miendo 20 pitisha kitambaa chenye mafuta na usome rangi: wekundu wa tofali ni kutu mpya, kahawia nzito ni kutu ya siku nyingi, na kijivu cheusi ni dalili kwamba umeanza kufikia chuma. Kwa mtutu wenye mifereji acha ufito uzunguke kwa kuifuata. Mtutu laini kama wa Yaya unaweza kuzungushwa utakavyo, hata kwa drili inayokwenda polepole, ukitumia sufu ya chuma iliyo laini kabisa, ile ya namba 0000, yenye mafuta. Pasta ya kusagia valvu za gari iache gereji. Chembe zake ni kubwa mno.

Siki je? Wengi huipenda kwa sababu ni rahisi kupata. Siki ni asidi. Ikimaliza kutu haisimami, inaendelea na chuma. Sikuitumia, na simshauri mtu aitumie kwenye mtutu asioweza kuona ndani yake vizuri.

Umeme, pale brashi inaposhindwa

Baada ya siku ya kusugua, sentimita 15 za mwisho, pale baruti na risasi zilipokuwa zikikaa, bado zilikuwa na gamba jeusi gumu. Hapo tukatumia umeme. Njia hii naipenda kuliko zote, kwa sababu kutu inalegezwa na chuma kizima hakiguswi.

Unahitaji nondo nyembamba ya milimita 6, ndefu kupita mtutu, iliyosuguliwa mpaka ing'ae. Soda ya kufulia, ile inayoitwa sodiamu kaboneti. Betri ya gari ya volti 12 au chaja yake. Na balbu ya taa ya breki ya wati 21. Soda iwe safi, kijiko kimoja cha mezani kwa lita 4 za maji. Usitie chumvi ya jikoni wala magadi ya mawe ambayo huenda yana chumvi, kwa kuwa chumvi huzaa gesi ya klorini. Usiweke waya wa shaba badala ya nondo, maana shaba itahamia kwenye kuta za mtutu. Wala usitumie chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu ndani ya maji.

Ondoa mafuta yote kwa maji ya moto na sabuni, la sivyo umeme hautapita vizuri. Ziba tundu la chuchu kwa mpira unaobana. Zungushia nondo pete za tepu ya umeme sehemu tatu, na kofia ya tepu kwenye ncha, ili isiguse mtutu popote. Simamisha mtutu nje, mahali penye hewa, ujaze maji ya soda mpaka karibu na mdomo. Waya wa hasi ufungwe kwenye mtutu, wa chanya kwenye nondo, na balbu ikae katikati ya njia ya waya wa chanya. Ukibadilisha waya hizi, mtutu ndio utakaoliwa. Rudia kuzitazama kabla ya kuunganisha.

Balbu ndiyo mlinzi wako. Kwa volti 12 haipitishi zaidi ya ampea 2 hivi, kwa hiyo hata nondo ikigusa mtutu hakuna kinachoungua. Balbu itawaka kwa nguvu zote na utajua kuna kosa. Ikiwaka hafifu, kazi inaendelea. Viputo vitaanza kupanda, na baada ya dakika chache povu la rangi ya chungwa litafurika mdomoni na kushuka kwa nje. Viputo hivyo vina haidrojeni, gesi inayolipuka, kwa hiyo kaa mbali na jiko la makala na usiwashe sigara. Zima kabla ya kugusa waya wowote.

Kila saa moja tulizima, tukatoa nondo iliyokuwa imevaa tope jekundu, tukaisugua, tukapitisha brashi, tukabadilisha maji. Umeme wa mtaa ulikatika saa ya pili, kama ilivyo kawaida yetu, lakini betri haikujali. Baada ya saa 4 gamba lilikuwa limegeuka ulojo mweusi unaotoka kwa kitambaa. Ukifika hapo, maji yaliyochemka, ukaushe, mafuta mara moja. Chuma kilichotoka kwenye umeme hupata kutu haraka kuliko chochote nilichowahi kukishika.

Kutazama na kuamua

Dondosha taa ndogo ya LED ndani, au tumia kamera ya waya inayounganishwa na simu. Utaona moja ya mambo matatu. Kuta za kijivu zilizofifia kama kioo chenye mvuke: hizo ni nzuri, ziache. Vishimo vilivyotawanyika: navyo viache, ukitaka kuvimaliza utalazimika kuondoa chuma chote kinachovizunguka. Vishimo vya kina upande wa baruti, ufa, au pete iliyovimba ambayo unaisikia hata kwa nje ukipitisha kidole: bunduki hiyo isishindiliwe tena, hata kwa sherehe, hata kwa baruti kidogo.

Mtutu wa Yaya una vishimo vya kina kando ya chuchu. Nilimwonyesha kwenye simu. Akanyamaza, kisha akasema atalitundika bila fataki wala baruti nyumbani, na mwanawe mkubwa ataelezwa kwa nini. Hata kama vishimo visingekuwepo ningemwambia vivyo hivyo, kwa kuwa muhuri wa Liège ulihakikisha mtutu mpya, haukuuhakikishia miaka mia na zaidi ya kutu.

Kuulinda

Paka mafuta mapya ya injini, tabaka jembamba, ndani na nje. Wazee hutumia mawese au mafuta ya mnyama. Hayo huchacha, huganda na kuwa gundi, na asidi yake hurudisha kutu. Mtutu usizibwe kwa kitambaa mdomoni, kinashika unyevu, na usihifadhiwe ndani ya ngozi. Lisimamishe gobori likiwa limeelekeza mdomo chini kwa siku kadhaa, mafuta ya ziada yatoke mbele badala ya kulowesha mbao. Mbao zenyewe hazikuhitaji zaidi ya kufutwa kwa kitambaa kikavu.

Kisha ukague: pitisha kitambaa cheupe baada ya siku moja, baada ya wiki, halafu kila mwezi, na mara mbili kwa mwezi masika yakianza. Kahawia ikirudi ndani ya wiki ya kwanza, chumvi zilibaki. Rudi kwenye maji ya moto.

Mvua kubwa ya kwanza ilinyesha Novemba. Kesho yake Yaya aliniita, akatoa gobori, akapitisha kitambaa mwenyewe, akakinyoosha juu ya goti lake kwenye mwanga wa mlango. Kilikuwa na manjano ya mafuta, basi.